Kompyuta Ikiwa Bubu, Anza Kwenye Koki

Mjomba wangu hukaa Nyakato, hapa Musoma. Zamani alikuwa fundi bomba, na nyumba nyingi za mji huu zapata maji kwa kazi ya mikono yake. Kisha macho yake yakaanza kuingia giza kwa ugonjwa ule uitwao presha ya macho, na leo haoni kabisa. Lakini msimhurumie upesi. Yeye ndiye mwandishi wa kikundi chao cha kuweka na kukopa, na katika hesabu zake haijapotea hata shilingi moja.

Labda utauliza, ndugu msomaji: Mtu asiyeona aandikaje hesabu? Hapa Musoma jambo hilo si geni sana. Shule ya Msingi Mwisenge, ile aliyoanza kusoma Mwalimu Nyerere mwaka 1934, ina watoto wasioona wanaosoma pamoja na wenzao. Na Mjomba ana kompyuta inayosema. Ndani yake mna programu iitwayo NVDA. Aliyeianza mwaka 2006 ni Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Akaungana naye James Teh, naye vilevile haoni. Programu za namna hiyo zilikuwa zikiuzwa kwa bei kubwa mno, basi wao wakaitoa yao bure kwa watu wote, na ni bure mpaka leo. Kila herufi Mjomba anayobonyeza, kompyuta huitamka. Kila hesabu iliyomo, kompyuta huisoma. Hata Kiswahili husoma. Sauti yenyewe ni kavu, kama ya mtu azungumzaye ndani ya debe, lakini Mjomba ameizoea kama sauti ya jirani.

Sasa fikiri: kwako na kwangu, kompyuta ikikosa sauti twakosa nyimbo na habari, basi. Kwa Mjomba, kompyuta ikikosa sauti imekufa yote.

Ndivyo ilivyotokea Alhamisi moja jioni. Aliketi mezani baada ya chakula, akaiwasha kama kawaida, akangoja. Kimya. Akabonyeza huku na huku. Kimya. Siku ya Jumamosi kikundi kilikuwa na mkutano wa kusoma hesabu za miezi sita, na ndani ya kikundi walikuwamo wawili watatu waliokuwa wakinong'ona tangu zamani kwamba fedha za watu hazifai kuandikwa na asiyeona.

Asubuhi yake mke wa Mjomba akaipeleka kompyuta kwa fundi mmoja. Fundi akaiwasha, akasikiliza kidogo, akasema, "Mama, kadi ya sauti imeungua. Shilingi 80,000, na mje wiki ijayo." Hakuifungua wala hakuuliza neno.

Nilipofika mchana nikamkuta Mjomba amekaa nje chini ya mwembe, na mbuzi mmoja amekwisha kufungwa kamba tayari kwa kuuzwa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwenye msiba wa kompyuta."

Nikamweleza kwamba mimi si fundi, ila nina macho, na yeye ana akili. Huenda vikiungana vikatosha. Akacheka. Kisha akanyamaza kidogo, akasema maneno ambayo sitayasahau: "Mimi nilipoitwa kwa mtu asiye na maji, sikuwahi kuchimba barabara kabla ya kugusa koki. Ziwa liko palepale. Maji yamezuiwa mahali fulani kati ya ziwa na ndoo. Anza kwenye ndoo, rudi nyuma hatua moja moja."

Basi, wapenzi wasomaji, hiyo ndiyo habari yote ya makala hii. Yaliyobaki ni kuonyesha jinsi ya kuifuata.

NJIA YA SAUTI

Ili urudi nyuma hatua moja moja, sharti kwanza uijue njia. Ndani ya kompyuta sauti si sauti, bali ni tarakimu. Wimbo ulio katika santuri ya CD umepimwa mara 44,100 kwa kila sekunde moja, na vipimo hivyo vimeandikwa kwa tarakimu. Programu, kama vile ile ya kupiga nyimbo, huzisoma tarakimu hizo na kuzikabidhi kwa Windows, ambayo ndiyo msimamizi wa kazi zote. Windows huzipeleka kwa programu ndogo iitwayo draiva, ambayo ni mkalimani anayejua lugha ya kadi ya sauti. Kadi huzigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka. Umeme huo hupita katika tundu na waya mpaka kwenye spika. Nayo spika hutikisa hewa, na hewa hutikisa ngoma ya sikio lako.

Yaani: programu, Windows, draiva, kadi, tundu na waya, spika, sikio. Ukizibwa mlango mmoja tu, nyumba nzima ni kimya. Na milango iliyo karibu na sikio ndiyo huzibika mara nyingi, tena ndiyo isiyo na gharama kuizibua. Kwa hiyo anza huko.

KOKI YA KWANZA: SPIKA NA WAYA

Kama kompyuta yako ni ile ya mezani yenye spika za nje, tazama kwanza kama spika zina umeme na taa yake yawaka. Zungusha kitufe cha sauti. Halafu fuata waya kwa kidole mpaka nyuma ya kompyuta. Huko utakuta matundu madogo ya rangi. La kijani ndilo la spika. La waridi ni la kipaza sauti cha kusemea. La buluu ni la kuingiza sauti kutoka chombo kingine. Mtu akifagia chini ya meza, waya huchomoka, kisha hurudishwa penye tundu lililo karibu. Hapo ndipo mwanzo wa bubu nyingi.

Baadaye chomoa waya ule ule uuchomeke katika simu au redio yenye tundu la namna hiyo. Spika zikilia, spika ni nzima na ubaya uko kwenye kompyuta. Zisipolia, kompyuta haina kosa. Kwa jaribio hili la dakika moja umekwisha kuigawa njia nusu kwa nusu.

Kompyuta ya Mjomba ni ile ya kukunja, waziitayo mpakato, ambayo spika zake zimo ndani. Nikauliza hedifoni zake ziko wapi ili tujaribu nazo. Mke wa Mjomba akatafuta kabatini, asizione. Mjukuu wao wa miaka 7, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatazama chini. Sisi hatukumjali, tukapita. Nitarudi kwake.

KOKI YA PILI: ALAMA YA SPIKA

Chini ya kioo, upande wa kulia karibu na saa, pana picha ndogo ya spika. Ikiwa ina alama ya msalaba ulioinama, sauti imefungwa. Ibonyeze, fungua, kisha sogeza kipimo mbele. Tena, kompyuta nyingi za kukunja zina kitufe cha kufunga sauti katika safu ya juu ya vitufe, chenye picha ya spika. Mtoto akikigusa mara moja tu, nyumba nzima yapiga kelele kwamba mashine imeharibika.

Kumbuka vilevile kwamba kila programu ina koki yake. Bonyeza picha ile ya spika kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Volume mixer". Hapo huenda ukaona sauti ya kompyuta iko juu, lakini programu ya nyimbo peke yake imeshushwa hata sifuri.

Na kwa mtumiaji wa NVDA kuna jambo la pekee. Ukishika kitufe cha Insert na kubonyeza S, NVDA hubadili namna yake ya kusema: mara husema, mara hulia kwa vimlio tu, mara hunyamaza. Asiyeona aweza kuvigusa kwa bahati mbaya akadhani msiba umeingia. Basi bonyeza Insert na S, ungoje, urudie mara tatu nne. Isipojibu, shika Ctrl na Alt pamoja ubonyeze N, ili NVDA ianze upya, ikiwa ilikuwa imezimika. Tena Windows yenyewe ina msomaji wake: shika kitufe cha Windows na Ctrl, ubonyeze Enter. Huyo akisema na NVDA isiseme, ubaya uko ndani ya NVDA.

Kwetu sisi picha ya spika haikuwa na msalaba, kipimo kilikuwa 80, na wasomaji wote wawili walikuwa kimya.

KOKI YA TATU: SAUTI IMEPELEKWA WAPI?

Hapa wengi hushindwa kwa sababu hawajui kwamba kompyuta yaweza kuwa na midomo mingi. Ukiiunga na televisheni kwa waya wa HDMI, yaweza kupeleka sauti kwenye televisheni. Ukiiunga na spika ya Bluetooth, hupeleka huko, hata kama spika hiyo iko chumba cha pili. Kompyuta inasema, lakini wewe unasikiliza mlango mwingine.

Shika kitufe cha Windows ubonyeze R, kidirisha kitatokea. Andika mmsys.cpl, kisha Enter. Utaona orodha ya midomo yote chini ya neno "Playback". Ule wenye alama ya kijani ya vema ndio unaotumika. Ukitaka mwingine, uchague, kisha bonyeza "Set Default".

Pembeni mwa kila mdomo pana kijiti cha kupimia. Piga wimbo wowote ukitazame. Kijiti cha kijani kikipanda na kushuka, maana yake sauti imetoka kwenye programu na Windows imeipokea na kuipeleka mbele. Kizuizi kiko mbele zaidi, upande wa sikio. Kikilala kimya, kizuizi kiko nyuma, upande wa programu. Mjomba alipoelezwa habari hiyo alifurahi sana. "Hiyo ni mita ya maji!" akasema.

Nikapiga wimbo. Kijiti kikacheza. "Mjomba, mita yazunguka," nikamwambia.

"Basi maji yametoka ziwani," akajibu. "Bomba hilo laitwaje?"

Nikasoma jina la mdomo ule: "Headphones". Yaani hedifoni.

Mjomba akainua kichwa. "Hedifoni zipi? Hakuna kitu kilichochomekwa."

Kweli, hapakuwa na kitu. Katika kompyuta nyingi za kukunja, tundu la hedifoni lina kiungo kidogo ndani yake. Pini ikiingia, kiungo huguswa, na kompyuta hunyamazisha spika za ndani na kupeleka sauti kwenye hedifoni. Basi kompyuta ya Mjomba ilikuwa ikiamini kwamba ina hedifoni. Haikuwa bubu hata kidogo. Ilikuwa ikisema mchana kutwa, ila ikisemea ndani ya tundu.

Nikawasha tochi ya simu, nikachungulia. Ndani kabisa paling'aa kitu. Ilikuwa ncha ya pini iliyokatika.

Ndipo yule mjukuu akaanza kulia. Alhamisi mchana alikuwa akikimbia ndani ya nyumba, akajikwaa kwenye waya wa hedifoni, pini ikavunjika. Akaogopa fimbo, akazificha hedifoni chini ya godoro, akanyamaza. Mjomba akamwita, akampapasa kichwa, akamwambia, "Kuvunja ni ajali. Kunificha ndiko kulikotaka kuuza mbuzi wetu." Hakumchapa.

Nami nikaona haya kidogo. Maana tungalimuuliza mtoto tangu mwanzo, au tungalichungulia tundu pale tulipokuwa kwenye koki ya kwanza, tungalimaliza kwa dakika tano. Kwa hiyo ongeza koki moja iliyo mbele ya zote: uliza watu wa nyumbani ni nini kilichotokea kabla ya sauti kupotea. Uliza kwa upole, ili upate jibu.

IKIWA BADO NI KIMYA

Kwetu mambo yaliishia hapo, lakini kwako huenda njia ni ndefu zaidi. Basi endelea hivi.

Kwanza, anzisha kompyuta upya kwa kuchagua neno "Restart". Usizime tu na kuwasha. Windows za siku hizi zikizimwa huhifadhi sehemu ya kazi yake ili ziamke upesi, na kosa laweza kuamka nalo. "Restart" huanza yote upya.

Pili, tazama draiva. Shika kitufe cha Windows ubonyeze X, uchague "Device Manager". Fungua mstari wa "Sound, video and game controllers". Bonyeza jina la kadi yako kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Uninstall device", na usiweke alama yoyote ya kufuta draiva yenyewe. Halafu "Restart". Kompyuta ikiamka, Windows huikuta kadi kama mgeni na kumtafutia mkalimani. Sauti ikipotea mara tu baada ya Windows kujibadilisha, dawa hii yafaa kujaribiwa mapema.

Tatu, kama kadi imekufa kweli, bado usiuze mbuzi. Kuna kidude kidogo chenye ukubwa wa kidole, ambacho ni kadi nzima ya sauti. Huchomekwa katika tundu la USB, na hedifoni au spika huchomekwa ndani yake. Mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko ya kubadili kadi ya ndani.

Fanya jambo moja kwa wakati mmoja, kisha sikiliza. Ukibadili mambo matano pamoja na sauti ikarudi, hutajua dawa ilikuwa ipi, na siku nyingine utahangaika upya.

SAUTI IKIWEPO LAKINI MBAYA

Wakati mwingine sauti ipo, lakini yakwaruza. Tikisa waya taratibu: ikikatika na kurudi, waya au pini imechoka. Ikikwaruza sauti inapokuwa juu tu, spika ndogo imebebeshwa mzigo usioiweza, punguza. Ukisikia mvumo mzito usiokoma, chomoa chaja na utumie betri. Mvumo ukitoweka, watoka kwenye umeme wa nyumba, ambao kwetu Tanzania hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Jaribu chaja nyingine au soketi nyingine, na umwite fundi umeme atazame waya wa ardhi. Tena, sisi tukaao karibu na ziwa tuna vumbi na wadudu wadogo wapendao taa. Funika kompyuta kwa kitambaa safi ukimaliza kazi.

JUMAMOSI

Ijumaa jioni mwalimu mmoja jirani akatuazima hedifoni za USB, zisizohitaji tundu lile lililoziba. Tulipozichomeka tu, Mjomba akainua mkono tunyamaze. Akatabasamu. "Huyu hapa wa ndani ya debe," akasema.

Lakini kulikuwa na shida moja. Kwa kawaida mkutanoni kompyuta husoma kwa sauti, na kila mwanachama husikia mwenyewe. Safari hii angesikia Mjomba peke yake. Basi alipofika mkutanoni, akamwita mmoja wa wale wanong'onaji aketi karibu naye. Akamwekea upande mmoja wa hedifoni sikioni, naye akabaki na upande wa pili. Kompyuta ikasoma, Mjomba akatamka, na yule bwana, mwenye kitabu cha stakabadhi mkononi, akaitikia kila hesabu: "Ni sawa. Ni sawa." Walisoma hesabu zote mpaka mwisho. Mwandishi akabaki yule yule.

Jumanne iliyofuata tukaenda kwa kijana mmoja atengenezaye simu sokoni. Akaizima kompyuta, akatoa betri, akatumia kikoleo chembamba na subira ya robo saa, ncha ikatoka. Ninyi msijaribu kwa sindano nyumbani, maana tundu hilo lina unene wa milimita 3.5 tu, na viungo vyake huvunjika upesi. Akatudai Shs 5,000.

Siwaambii msiende kwa fundi. Fundi mwema ni hazina ya mji. Lakini nendeni kwake mkiwa mmekwisha kugusa koki za karibu, na mmwambie, "Spika ni nzima, kijiti cha kijani chacheza, tumeanzisha upya." Fundi mwema atafurahi, kwa kuwa mmempunguzia kazi. Na yeye atakayetaja bei kabla ya kufungua wala kuuliza, mwageni kwa heshima, mrudi nyumbani na mashine yenu.

Yule mbuzi yupo bado, Nyakato. Mwezi uliopita alizaa mapacha.